Shamba la Mama yake Gaspari

Fundi wa mnara amenipa mpaka Ijumaa. Mnara wenyewe si mrefu, unanifika begani, umejengwa kwa saruji pale uwanjani jirani na ofisi ya kata, na upande unaotazama barabara wamebandika jiwe jeusi. Hapo ndipo yatachongwa majina ya watu wa huku waliokwenda vita ya Bama, kupigana na Wajapani. Kamati imeamua kila jina lifuatwe na maneno machache: alirudi au hakurudi, na kama hakurudi, alikufaje. Mwalimu kijana anayekusanya majina alikuja nyumbani na simu yake, akaniamkia vizuri, akakaa kwenye kigoda, akanisomea orodha taratibu kama anayemsomea mgonjwa. Alipofika kwa Gaspari akasoma kwamba ni mwana wa Matilda na kwamba alipigwa risasi akipigana. Akaniuliza, "Bibi, hii ni sawa? Dada yake wa Sanje ndiye aliyetuambia, ila kamati inataka shahidi wa pili. Katika nyumba ya yule mzee aliyeileta habari kutoka vitani, umebaki wewe peke yako." Nikamwambia aniache kidogo nifikiri. Akasema haina shida, fundi anachonga Ijumaa. Akaenda zake, na mimi sikukiondoa kile kigoda mpaka jioni. Nilikuwa nakitazama tu.

Naandika madaftari tangu nilipoolewa. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo siandiki mambo makubwa: nani amekuja, tumekula nini, mvua imenyesha au imetupita. Yako kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na lile la mwaka wa kwanza wa ndoa yangu lina jalada lililokatika, nimelishona kwa uzi mweusi. Sijidai kwamba nakumbuka kuliko wengine. Aliyeandika mle ndani ni msichana wa miaka kumi na tisa, mgeni katika nyumba ya watu, aliyeogopa hata mlio wa mfuniko wa sufuria, na mimi namsoma kama mtu anavyosoma barua ya jirani: namwamini, lakini si kwa kila kitu. Ila kuna ukurasa mmoja ambao sijawahi kumpa mtu yeyote ausome, na swali la yule mwalimu lilikuwa linauliza ukurasa huohuo.

Ulikuwa mwaka ule Wachina wanajenga reli. Mume wangu Valentini alipata kibarua huko milimani upande wa Uchindile, kwenye kupasua miamba, akawa anarudi mara moja kwa mwezi, vumbi limemkaa mpaka kwenye kope. Mimi nilibaki Lumemo na wazazi wake. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, vyumba vitatu kwa mstari, na katikati ya chumba cha Mkwe na chumba changu hapakuwa na ukuta wa maana, palikuwa na matete yaliyosukwa na kupakwa udongo ambao ulikuwa umeshaanza kudondoka. Namwita Mkwe hata hapa kwenye karatasi, kwa sababu kwetu jina la baba mkwe mke wa mtoto halitamki, na miaka yote hii ulimi wangu umezoea hivyo. Wala sikukaa naye meza moja. Nilikuwa naweka chakula chake kwenye mkeka, nainama, naondoka kabla hajanawa. Yeye naye akipita uani alikuwa anakohoa kwanza ili nijue anakuja, nipate kujifunika na kupisha. Sisemi ulikuwa utaratibu mbaya. Ulinifundisha kusikia. Mtu usiyeruhusiwa kumtazama, unamjua kwa kikohozi, kwa nyayo, kwa namna anavyoweka kikombe chini.

Jambo la kwanza nililojua kuhusu Mkwe ni kwamba alikuwa Mndamba asiyekwenda mtoni. Wanaume wa rika lake walikuwa wamezaliwa ndani ya mtumbwi, kambale waliwajua kwa majina, lakini yeye hata kuvuka kwenda ng'ambo ya mto Ulanga kwenye msiba wa ndugu yake alikataa, akatuma mchele na shuka. Kuoga alikuwa anaogea ndani, kwenye karai, maji ya kupimiwa. Na mvua zikizidi, mto Lumemo ukijaa na kuanza kunguruma kule bondeni, alikuwa anavaa koti lake la jeshi la Kingi wa Uingereza, lile la Keya, lililobaki na kifungo kimoja, anakwenda kusimama kwenye ukingo. Hafanyi kitu. Anatazama, halafu anarudi na kukaa kimya siku nzima. Mama mkwe aliniambia nisijali, ni mambo ya Bama, na kwamba wenzake wengine walirudi na mabaya zaidi ya hayo.

Jambo la pili lilikuwa la shamba, na hilo ndilo lililoleta ugomvi. Mvua za kwanza zilipodondoka, ardhi ilipolainika kidogo tu, wakati kila mtu Lumemo anakimbilia shamba lake, Mkwe alichukua jembe, akafunga mkeka wake, akapanda lori kwenda Sanje. Alikwenda kumlimia mwanamke wa Kipogoro anayeitwa Matilda, mama wa rafiki yake Gaspari aliyekwenda naye Bama na hakurudi. Alikaa huko mpaka mbegu ziingie udongoni. Shamba letu sisi lilikuwa linangoja. Mama mkwe alilalamika jikoni, si mbele yake, akichochea ugali kwa nguvu kana kwamba ugali ndio uliokwenda Sanje. Alisema watu wanamsifu mumewe kanisani, mtani mwema, mtani mwema, wakati yeye mkewe analima na vibarua kila mwaka tangu aolewe. Nilimwonea huruma, na nilimwonea fahari yule mzee. Nilidhani nimeingia katika nyumba ya mtu mwenye moyo mkubwa kuliko wengine. Sijasema mpaka leo kwamba nilikosea. Nasema nilikuwa sijui moyo ule ulikuwa unasukumwa na nini.

Baada ya mavuno Matilda mwenyewe alikuja, kama alivyokuwa akija kila mwaka. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi sana, mzee tayari, lakini alishuka kwenye gari na kichwani ana mchele mpya na mikungu miwili ya ndizi, hakutaka mtu ampokee. Naye Mpogoro na sisi Wandamba, basi utani ulianzia barabarani. Akaziba pua, akasema ameijua nyumba yetu kwa harufu, Wandamba wananuka shombo hata wakioga kwa mchele. Mama mkwe, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa kucheka, akamjibu kwamba afadhali sisi tunanuka, wao huko milimani hata kuoga wanaoga wameshika nyasi, wasije wakazama kwenye maji ya ugoko. Wakacheka mpaka wakashikana mikono. Halafu tukala. Nilipika wali wa mchele wake na kambale mkavu wa nazi, nikawapelekea ukumbini, nikarudi jikoni na kukaa mahali ninapoweza kusikia. Matilda alipomaliza kula aliosha mikono, akaikausha kwa kanga, akasema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya kanisani, "Haya. Nisimulie mwanangu."

Na Mkwe akasimulia. Walikuwa kwenye nyasi ndefu. Risasi zilikuwa zinatoka kwenye miti. Gaspari alikuwa mbele, akageuka kumwita, na risasi ikampata hapa. Najua aligusa kifua chake kwa sababu nilisikia kiganja kikigonga koti. Hakusema kitu, hakuumia muda mrefu, walimzika chini ya mti mkubwa. Hivyo tu, habari fupi. Lakini mahali fulani Mkwe alisema mti mrefu badala ya mti mkubwa, na Matilda akamkatiza, akamwambia mwaka jana ulisema mkubwa. Akasema ndiyo, mama, mkubwa. Nilikuwa nimeshika upawa, nikashtuka bila kujua kwa nini. Mtu anayekumbuka hasemi vilevile kila mwaka. Leo najua hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nimesimulia mambo mengi, na kila mara yanatoka na sura nyingine kidogo. Anayesema neno kwa neno ameyakariri.

Kabla mvua za mwaka ule hazijaanza, Mkwe akaugua. Kikohozi kile kilichokuwa cha kutaka nipishe uani kikawa hakina mwisho. Mama mkwe alikuwa anamuuguza asubuhi, na mchana akienda shamba alikuwa ananiachia uji niuweke mlangoni pa chumba chake, nigonge, niondoke. Siku moja, mvua ya kwanza imeanza kupiga bati la jirani, niligonga nikaweka bakuli, na kabla sijageuka nikamsikia ananiita. "Mkwe wangu, usiende. Kaa hapohapo, chumbani kwako, upande wa pili wa matete. Una daftari?" Alijuaje? Labda naye alikuwa amejifunza kunisikia mimi, karatasi ikigeuzwa, kalamu ikianguka. Nikasema ninalo, baba. Akasema, "Basi andika. Usiniulize kitu. Nikishaondoka umsomee mama yake Gaspari. Huyu mama wa hapa nyumbani hatavumilia, na mwanangu atanichukia. Wewe bado ni mgeni. Hujanipenda kiasi cha kunificha." Akageukia ukutani, nilijua amegeuka kwa sababu kitanda cha kamba kililia, na sauti yake ikaja kwa karibu zaidi, kwenye matete, kana kwamba ananinong'oneza sikioni.

Nitaeleza kama daftari linavyoeleza, ingawa mwandiko umekwenda mbio na maneno mengine nimeyaruka. Alisema hakukuwa na risasi wala nyasi. Kulikuwa na mto. Mto wa Bama ulikuwa umejaa mvua, maji mekundu, na kikosi kilitakiwa kuvuka. Afisa, Mzungu, akataka mtu mmoja mwenye kujua maji aogelee na kamba mpaka ng'ambo aifunge, wengine wavuke wameishika. Akauliza nani anajua maji. Mkwe alisema, "Hapo nilitakiwa nitoke mimi. Katika wote pale, mtu wa mto nilikuwa mimi." Lakini Gaspari alikuwa amesimama ubavuni kwake, Mpogoro wa milimani, ambaye safari nzima ya vita walikuwa wanamcheka kwa kuogopa maji. Anaoga ameshika nyasi. Na Mkwe, kwa mazoea tu, kwa ile hali ya vijana ambao wameogopa muda mrefu na wanatafuta cha kuchekea, akamsukuma mbele akasema, "Huyu hapa, afande. Huyu ni samaki, amezaliwa majini." Wote wa huku wakaangua kicheko. Alisema kilikuwa kicheko kizuri, cha kwanza baada ya siku nyingi. Afisa hakucheka. Alimtazama Gaspari, akatikisa kichwa kwamba amekubali, akampa kamba.

"Yule hakujua utani," Mkwe alisema. "Kwao mtu akisema jambo, amelisema." Gaspari naye angeweza kukataa, na Mkwe alilisema hilo kwa haki bila kujitetea, kisha akaeleza kwa nini asingekataa: mtani anayekimbia mbele ya watani wake amekwisha, ataitwa jina hilo mpaka kaburini. Kwa hiyo Gaspari alivua viatu, akajifunga kamba kiunoni, na kabla hajaingia akageuka, akamwonyesha Mkwe kidole, akasema huku anacheka, "Nikizama, wewe Mndamba, utamlimia mama yangu mpaka uzeeke." Wakacheka tena. Akaingia. Kamba ikawa inakwenda, inakwenda, ikanyooka kabisa, halafu ikalegea. "Tukaivuta," alisema. "Ikaja nyepesi." Mvua ilikuwa inapiga bati. Halafu akasema kuna kitu kimoja anataka nikiandike vizuri: kwamba wakati Gaspari anavua viatu yeye alitaka kuinua mkono na kumwambia afisa ule ni utani tu, na mpaka leo hajui kama aliinua. Akikumbuka usingizini mkono uko juu. Akikumbuka mchana uko chini. Akasema niandike yote mawili. Niliandika. Chini yake, kwa kalamu ileile, nimeandika: leo tumekula kambale, nyanya zimekwisha. Nimejiuliza mara nyingi ni mtu gani anayeweza kuandika sentensi hizo mbili zikifuatana. Ni mimi, hakuna mwingine.

Alikufa wiki ya tatu ya mvua, jembe lake likiwa limeegemezwa mlangoni, limenolewa. Watani walijaa. Wapogoro walishuka kwa malori, na kama ilivyo desturi walimfanyia vituko vyote. Mmoja alivaa lile koti la kifungo kimoja akapiga kwata kutoka nyumbani mpaka makaburini, anajiamrisha mwenyewe na kujikosea mwenyewe, watu wanalia na kucheka kwa pumzi moja. Mwingine aliruka ndani ya kaburi akasema Mndamba hazikwi mahali pakavu, leteni maji kwanza, na hakutoka mpaka alipopewa jogoo. Nilipomsikia anaomba maji niligeuka nikatazama miguu yangu. Matilda alifika na binti yake Editha, mtu mzima tayari, amemshika mama yake mkono kwenye matope. Yule mama alisimama kwenye ukingo wa kaburi, akatazama chini kwa muda mrefu, halafu akamtania maiti kama inavyopasa. Alisema, "Mvivu wewe. Mvua imeanza, na sasa nani atanilimia?" Waliokuwa karibu walicheka sana. Ulikuwa utani mzuri, na kwa wote waliosimama pale, ni mimi tu niliyejua kwamba alikuwa amejibu maneno ya mwanawe bila kujua.

Daftari lilikuwa kiunoni, nimelifunga ndani ya kanga. Nilikuwa nimejiandaa. Sina budi kusema hapa kwamba mama mkwe alinizuia, na sina budi kusema pia kwamba sikuzuiwa kwa nguvu. Yeye siku ile ya uji alikuwa amerudi shamba mapema kwa ajili ya mvua, akasikia sehemu kutoka uani. Alinivuta nyuma ya jiko, akanishika mabega. Hakunikaripia. Alisema, "Yule mama ana mtoto mmoja aliyekufa kwa risasi. Ukimpa mwingine aliyekufa kwa mzaha, atazika wawili. Mwache na wake huyo mmoja." Nikamjibu kwamba nimetumwa na marehemu. Akasema marehemu alikuwa na miaka yote ya kusema mwenyewe, amekaa naye ukumbini kila mwaka amemlia mchele wake, akashindwa. Kwa nini mzigo uangukie kwa mtoto wa watu? Mpaka leo siwezi kumpinga. Kila nikipima maneno yake nayaona yana uzito. Lakini hayo yalikuwa maneno yake, na ulimi ulikuwa wangu. Wakati wa kuondoka Matilda alikuja moja kwa moja kwangu, labda kwa sababu alijua mimi ndiye niliyekuwa na marehemu mchana. Akaniuliza, "Mwanangu, mkwe wako hajaniachia neno?" Alikuwa na macho makavu, yenye subira. Nikasema, "Hapana, mama." Akanishukuru. Siku hiyo daftari lina neno moja tu, hapana, na tarehe sikuandika.

Mwaka uliofuata hakuja. Tulisikia yuko mgonjwa, halafu tukasikia ameshazikwa, na habari zenyewe zilichelewa kwa sababu daraja lilikuwa limeondoka na maji. Nilijiambia kwamba basi, limekwisha. Halikwisha. Kwa muda mrefu nilikuwa nikichota kisimani, kamba ikikatika au ndoo ikichomoka, ikaja mkononi nyepesi, nilikuwa naiachia naondoka bila maji, na Valentini ananiuliza mke wangu ndoo iko wapi. Hakujua, nilimzika Valentini naye hajui. Sasa tuna bomba uani. Lakini Lumemo ukijaa bado unasikika mpaka kitandani kwangu, na mara nyingine, kati ya mngurumo na mngurumo, nasikia kikohozi cha mtu anayetaka nimpishe.

Jumatano nilipanda basi kwenda Sanje, daftari likiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nyumba ya Editha iko juu kidogo ya barabara, nyuma yake migomba na nyuma ya migomba mlima, kijani kibichi mpaka mawinguni. Ni ajuza sasa, jicho moja limefunga ukungu, lakini alinijua kabla sijafika kizingitini. Nikasema, "Shikamoo dada." Akasema, "Marahaba, Mndamba. Nilisikia shombo, nikajua ni nyie." Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuniuliza nimefuata nini. Alinipakulia ndizi za maharage, za moto, akasimamia mpaka nimalize, kama mama yake alivyokuwa akimaliza chakula kwanza kabla ya neno. Nikanawa mikono, nikaikausha kwa kanga, na nilipojiona ninafanya hivyo nikajua siwezi tena kurudi nyuma. Nikamwambia nimekuja na neno ambalo lilikuwa la mama yake, nimelikalia. Nikafungua daftari, nikamsomea ukurasa wote. Hata kambale na nyanya nilisoma, kwa kuwa nilishindwa kuacha.

Hakulia. Aliendelea kuchambua maharage, ingawa yalikuwa yamekwisha kuwa safi, anayasogeza upande huu na upande ule. Halafu akasema, "Unajua mama alikuwa anamwombea Mjapani?" Sikuelewa. Akasema kila Jumapili, mpaka anakufa, mama yake alikuwa anawasha mshumaa kwa ajili ya yule mtu aliyempiga Gaspari risasi, kwa sababu padri alifundisha kwamba tuwaombee waliotukosea, na ilimchukua miaka mingi kuweza, lakini aliweza. "Alimsamehe mtu ambaye hakuwepo," Editha alisema. "Aliyetaka kusamehewa alikuwa anakula wali wetu." Hakunitazama. Hilo ndilo nililokuwa sijalijua, katika kupima kwangu kote kwa miaka yote. Nilikuwa nimehesabu uchungu ambao ningempa yule mama. Sikuwahi kuhesabu kwamba alikuwa na msamaha tayari mkononi, umeiva, na hakuna aliyempokea. Nilimwomba radhi. Maneno yalitoka madogo.

Akaniomba nirudie pale Gaspari alipojibu. Nikarudia: nikizama, wewe Mndamba, utamlimia mama yangu mpaka uzeeke. Akacheka, kicheko kimoja kifupi kama mtu aliyeguswa ubavu. Alisema huyo ni yeye kabisa, alikuwa mtoto mdogo kaka yake alipoondoka lakini mdomo ule anaukumbuka. Halafu akaweka ungo chini.

"Naye akalima," alisema.

"Akalima, dada."

"Mama alikuwa anasema yule Mndamba analima kama mtu anayefukuzwa." Akanionyesha kwa kidevu chini ya barabara, kipande kidogo chenye nyasi zilizopita magoti na mti mmoja wa mpapai. Akaniambia ndilo hilo. Mwaka aliokufa mkwe wangu halikulimwa. Mama yake alikaa kibarazani hapa mvua yote akiangalia barabara, akisema huenda wamemtuma mwingine, Wandamba si watu wabaya, wanachelewa tu.

Nilisimama kuaga. Nikamuuliza nimwambie nini fundi. Akafikiri, akasema fundi aandike mto. Alifia mtoni, Bama. Inatosha, wenye kujua watajua na wasiojua wamepata ukweli. Na jina la mkwe wako lichongwe chini yake, wasiwatenganishe. Nilimwambia nitafikisha. Nilipokuwa nimeshafika kwenye migomba akaniita kwa sauti, "Wewe Mndamba. Mkweo alipokufa ulikuwa na mikono?"

Nikasema nilikuwa nayo.

"Mvua zikianza nikuone hapa."

Niligeuka kumtazama usoni. Jicho lile zima lilikuwa limetulia tu, halicheki wala halikukasirika, na jua lilikuwa nyuma yake. Nina miaka zaidi ya sabini na magoti yangu yanauma nikipanda ngazi tatu za kanisa. Kwa watani, neno kama lile unalijibu kwa tusi zuri kisha mnacheka, na mimi nilitafuta tusi nikalikosa.

Ijumaa nilikwenda kwa fundi, nikamtajia maneno ya kufuata jina la Gaspari, kama Editha alivyoyasema. Akaniuliza la chini yake. Nikalitamka jina la Mkwe, kwa sauti, mara ya kwanza tangu nilipoolewa, na fundi akaniomba nirudie kwa sababu hakusikia. Nikarudia. Kutoka pale nilipitia sokoni. Sijui kama Editha alikuwa anatania. Jembe limeshatiwa mpini mpya, liko mlangoni, na leo mchana upande wa Udzungwa kumeanza kufunga wingu.